Mafundi Wajibu: Radieta za Leeds, Maji Moto ya Malindi na Kutu ya Shela

Barua za safari hii zimetoka mbali na karibu, ila nyingi zinauliza jambo moja: mashine inayohamisha joto, itumieje stima kidogo? Tumeanza na ile ndefu, kwa sababu ndani yake mna majibu ya nyingine.

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Mimi ni mzaliwa wa Barani, Malindi, na sasa naishi Leeds, Uingereza, na mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa kumi waliing'oa boila yetu ya gesi, ile iliyokuwa ikichemsha maji ya kuipa nyumba joto, wakatufungia pampu ya joto. Radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji moto, ni zile zile za zamani. Fundi ameweka maji nyuzi 60. Tunaiwasha saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, kama tulivyozoea. Nyumba inachelewa kupata joto, siku zisizo na baridi kali mashine inawaka na kuzima kila dakika kumi, na bili ya umeme imeipita ile ya gesi. Kaka yangu ni fundi wa AC huko nyumbani, naye aniambia hiyo ni AC iliyogeuzwa tu. Ni kweli? Na tufanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Kaka yako amesema kweli. AC ya Malindi huchota joto chumbani ikalitupa nje, ndiyo maana ukipita nyuma ya mashine ya nje unapulizwa na hewa ya moto. Pampu yako huchota joto kwenye hewa ya Leeds, hata ikiwa ya nyuzi 2, ikalitia kwenye maji ya radieta. Kompresa, koili, valvu ya kupanulia gesi, vyote kaka yako anavijua.

Jambo la kushika ni hili: umeme hapo hautengenezi joto, unalipandisha. Mtu anayeteka maji kwenye kisima cha pima mbili hachoki sawa na wa kisima cha pima sita, ingawa ndoo ni moja. Nje kuna nyuzi 2 na wewe unataka maji ya nyuzi 60, basi kisima chako ni kirefu mno. Kwa kawaida kila nyuzi moja unayoishusha kwenye maji ya radieta huongeza ufanisi kwa asilimia 2 hadi 3. Ukitoka 60 ukafika 45, umeme wa kuipa nyumba joto lilelile hupungua kwa robo hivi.

Robo hiyo kwako ni kubwa kuliko inavyosikika. Uingereza yuniti ya umeme imekuwa ikiuzwa karibu mara nne ya yuniti ya gesi. Boila nzuri hugeuza kama asilimia 90 ya gesi kuwa joto, kwa hiyo pampu lazima itoe yuniti 3.6 hivi za joto kwa kila yuniti ya umeme ndipo bili zilingane. Kwa maji ya nyuzi 60 wakati wa baridi, pampu nyingi hutoa chini ya 3. Kwa maji ya 35 hadi 45, inawezekana kufika 3.5 na kupita. Mashine yako huenda ni nzima kabisa, na tatizo ni namna ilivyopangwa.

Sasa radieta. Maji yakishuka, radieta nayo hutoa joto kidogo, na hesabu yake inajulikana. Wati zilizoandikwa na mtengenezaji hupimwa radieta ikiwa na wastani wa nyuzi 50 juu ya chumba, yaani maji yanaingia na 75, yanatoka na 65, chumba kina 20. Maji yakiingia na 55 yakatoka na 50, radieta hiyohiyo hutoa kama asilimia 57 ya maandishi. Kwa 50 na 45 hutoa asilimia 46. Kwa 45 na 40 hutoa asilimia 35. Kwa 35 na 30 hubaki asilimia 16 au 17 tu.

Chukua sebule inayopoteza wati 1,200 usiku wa baridi kali. Radieta ya bamba mbili na safu mbili za mapezi (mabati membamba yaliyo kati ya bamba), kimo sentimita 60 na urefu sentimita 120, imeandikwa kama wati 2,000. Kwa maji ya 45 itatoa kama wati 700, na sebule itabaki baridi hata uiache iwake usiku kucha. Ukiweka ya bamba tatu yenye urefu wa sentimita 140, iliyoandikwa kama wati 3,400, utapata zile 1,200. Usibadilishe zote kwa pupa. Pima kila radieta, andika aina na vipimo, kisha linganisha na joto ambalo chumba chake kinapoteza. Mara nyingi ni mbili au tatu zinazoiburuta nyumba nzima: sebule, chumba cha pembeni chenye kuta mbili za nje, na bafu. Chumba kimoja chenye radieta ndogo ndicho kinachomlazimisha fundi kupandisha maji ya nyumba yote, nanyi mkalipa kila saa kwa ajili ya chumba hicho kimoja.

Kabla ya kununua chochote, fanya haya ambayo hayana gharama.

Kwanza, acha desturi ya kuwasha asubuhi na jioni. Hiyo ilikuwa desturi ya boila, ambayo ina nguvu ya kilowati 24 au zaidi na hurudisha joto upesi. Pampu ya kilowati 6 haina nguvu hiyo. Nyumba ikipoa hadi nyuzi 15, nayo ikitakiwa ifike 20 kwa saa moja, itapandisha maji mpaka mwisho wake, na pengine itaita elementi ya akiba, ile ya kuchemshia maji kwa umeme moja kwa moja, ambayo hula yuniti moja ya umeme kwa kila yuniti moja ya joto. Acha iende mchana na usiku. Ukitaka usiku pawe na ubaridi kidogo, shusha nyuzi 2, zisizidi.

Pili, fungua vichwa vyote vya valvu za radieta mpaka mwisho. Mashine yako kuwaka na kuzima kila dakika kumi huenda kunatokana na hapo: valvu za vyumba zikijifunga, maji yanayozunguka hubaki machache, joto halina pa kwenda, maji hupanda haraka na kompresa inazima. Kompresa nayo haiwezi kushuka chini ya kiwango fulani cha nguvu. Siku ya nyuzi 10 nyumba inahitaji kama kilowati 2 tu, na ukiipa mashine radieta mbili zilizo wazi haitatulia. Thamostati ya ukutani, kile kidude kinachoikata mashine chumba kikifika joto lililowekwa, iweke nyuzi mbili tatu juu ya joto unalolitaka, ibaki mlinzi wa mwisho, isiwe ndiyo inayokata mashine kila mara.

Tatu, washa mpango wa kufuata hali ya hewa. Karibu kila pampu inao, na mara nyingi fundi huuacha umezimwa. Una kipimajoto cha nje na mstari wa kuupanga: nje ikiwa nyuzi 3 chini ya sifuri maji yawe 45, nje ikiwa 15 maji yawe 28, na katikati mashine inajipimia yenyewe. Anza na namba hizo kisha ngoja siku mbili bila kuzigusa, kwa sababu kuta huchukua muda kupata joto. Nyumba ikiwa baridi siku za barafu tu, pandisha ncha ile ya baridi nyuzi 2. Ikiwa baridi siku za kawaida pia, pandisha mstari mzima nyuzi 1 au 2. Ikiwa moto kupita kiasi, shusha, na uendelee kushusha mpaka mtu aseme anaona baridi, kisha rudi nyuzi moja. Kazi hii ndiyo yenye faida kuliko zote katika jibu hili, na ni wewe unayekaa ndani ya nyumba unayeweza kuifanya vizuri, kwa sababu inataka subira ya wiki mbili tatu.

Usishtuke radieta zikiwa vuguvugu. Ngozi ya kiganja ina nyuzi 33 hivi, kwa hiyo bamba la nyuzi 38 halikuunguzi hata kidogo. Tazama kipimajoto cha chumba, mkono wako utakudanganya.

Nne, mwendo wa maji. Pampu ya joto hutaka maji yarudi yakiwa yamepoa nyuzi 5 tu, wakati boila ilikuwa imepangiwa tofauti ya kama 20. Maana yake maji lazima yaende mara nne ya zamani: kama lita 2.9 kwa dakika kwa kila kilowati, yaani lita 17 kwa dakika kwa kilowati 6. Hapo ndipo mabomba membamba yanapokwama. Bomba la shaba la milimita 10 hubeba kama kilowati 1.2, la 15 kama kilowati 3, la 22 kama kilowati 6 na nusu, maji yakienda mita moja kwa sekunde, na ukilazimisha zaidi ya hapo utasikia mvumo. Ikiwa nyumba yenu ililazwa mabomba ya milimita 10 kutoka kwenye kigawio kimoja (pale bomba kuu linapogawanyika), mwambie fundi apige hesabu ya kila tawi kabla hajauza radieta kubwa. Radieta pana kwenye bomba jembamba ni fedha iliyopotea.

Kusawazisha radieta si kazi ngumu. Kila radieta ina valvu mbili. Ile yenye kofia ya plastiki isiyo na namba ndiyo ya kusawazishia. Bana kipimajoto kwenye bomba la kuingia na kingine kwenye la kutoka. Radieta ya karibu na pampu kwa kawaida huonyesha tofauti ya nyuzi 2, maana yake inanyang'anya wenzake maji: ikaze robo mzunguko. Ya mbali huonyesha 9 au 10: ifungue yote. Ngoja nusu saa, pima tena. Toa hewa pia kwa ule ufunguo mdogo, maana radieta iliyo moto chini na baridi juu ina hewa ndani. Iliyo moto juu na baridi chini katikati ina tope.

Muulize fundi wako maswali matatu, na umtake akuonyeshe badala ya kukueleza kwa maneno. Elementi ya akiba imewekwa ianze kwenye nyuzi ngapi za nje? Je, kati ya pampu na radieta kuna tangi la kupitishia, na kama lipo, maji yanayotoka upande wa radieta yana joto sawa na yanayotoka kwenye pampu? Tofauti ya nyuzi 5 hapo ni nyuzi 5 unazolipia bila kuzipata. Na chujio limesafishwa lini? Kwenye radieta za zamani chujio hujaa tope jeusi la chuma katika wiki za mwanzo, mwendo wa maji ukapungua, na mashine ikaanza kuleta hitilafu.

Tangi la maji ya kuoga liweke nyuzi 48 hadi 50, lipashwe mchana hewa ya nje ikiwa na joto kuliko usiku. Mara moja kwa wiki lipandishwe hadi 60 kuua vijidudu vya lejonela, na kwa kawaida mashine ina ratiba hiyo tayari. Na ukiona mashine ya nje imepakwa barafu nyeupe kisha inatoa mvuke kama sufuria, radieta zikapoa kwa dakika chache, hiyo inajiyeyusha, ni kazi yake ya kawaida siku za unyevu karibu na nyuzi sifuri. Pa kuitia fundi ni pale barafu inapoganda pande la wiki nzima bila kuyeyuka.

SWALI: Kijana wangu anatunza nyumba ya tajiri mmoja kaskazini mwa Italia. Ina radieta nzito za chuma cha kusubu, za zamani sana. Mwenye nyumba anataka pampu ya joto, na ameambiwa radieta zote zing'olewe. Ni lazima? — *Mzee wa Mambrui*

JIBU: Shikamoo mzee. Si lazima, na ni hasara kuzitupa kabla ya jaribio moja jepesi. Siku za baridi kali, boila iliyopo ishushwe mpaka maji yatoke nyuzi 50, iachwe hivyo mchana na usiku kwa siku tatu, valvu zote zikiwa wazi. Nyumba ikishika nyuzi 20, radieta zinatosha kwa pampu. Vyumba vitakavyopoa ndivyo vya kushughulikiwa, kwa radieta kubwa zaidi au kwa kuziba upepo wa madirisha. Radieta za kusubu aghalabu huwa kubwa, nazo hubeba maji mengi, jambo ambalo husaidia pampu kutowaka na kuzima. Adui yao ni tope: mfumo mzima usafishwe kwa maji ya nguvu, na chujio la sumaku lifungwe kwenye bomba la kurudi kabla pampu haijaunganishwa.

SWALI: Nikiingia nyumbani mchana wa kaskazi naweka AC nyuzi 16 ili chumba kipoe upesi. Mume wangu asema naharibu stima. — *Mama wa Maweni, Malindi*

JIBU: Mama, mumeo ana haki. Chumba cha nyuzi 32 hupoa kwa kasi ileile ukiandika 16 au 24, kwa kuwa kompresa tayari inakwenda kwa nguvu yake yote. Ile 16 huifanya isipumzike tu. Andika 26, washa na feni ya dari kwa mwendo wa pole, na usafishe vichujio vya mashine ya ndani kila wiki mbili.

SWALI: Nasimamia nyumba ya wageni Casuarina, vyumba 8, kila bafu lina shawa ya umeme ya kilowati 5. Jioni wageni wakirudi baharini breka kuu inaruka. Mwenye nyumba anataka kufunga pampu ya joto ya maji. Itafaa? Paa letu ni la makuti.

JIBU: Bwana msimamizi, breka yako haina ubaya. Shawa moja ya kilowati 5 kwa volti 240 huvuta ampia 21 hivi. Wakioga wageni watano pamoja ni ampia 104, na laini ya fezi moja ya ampia 60 haiwezi. Usikubali mtu akubadilishie breka kwa kubwa zaidi huku waya ni uleule, maana hapo waya ndio utakaochemka, na juu yake kuna makuti.

Hesabu ya maji ni hii. Maji ya bomba Malindi ni kama nyuzi 28. Mtu akioga lita 40 za nyuzi 38 kutoka kwenye tangi la nyuzi 50, anatumia lita 18 tu za maji moto, zilizobaki ni za baridi. Wageni 16 ni kama lita 290. Tangi la lita 300 litatosha kuoga kwa jioni moja, na lita 400 litabakisha za jikoni. Kupasha lita 300 kutoka 28 hadi 50 kunahitaji yuniti 7.7 za joto. Elementi ingekula zote 7.7. Pampu ya joto, kwa hewa ya pwani yenye nyuzi 28, hutoa kama yuniti 4 kwa moja, kwa hiyo itakula chini ya 2. Yenye nguvu ya kilowati 3 za joto itamaliza kazi kwa saa mbili na nusu, ikivuta ampia 3 au 4 tu. Faida kubwa kwenu ni hapo kwenye ampia.

Tukueleze na upande wa pili. Miezi ya mvua, vyumba vikiwa vitupu, tangi hupoteza joto bila mtu kuoga, na mkiliacha likiwaka mtalipa bure. Lizimeni. Pia, kama mngekuwa na paa la zege, tungewaambia mfunge maji moto ya jua kwanza. Tangi la lita 300 lina kilo 300 za maji peke yake, na boriti za makuti hazikujengewa mzigo huo. Pampu hukaa chini, kwenye sakafu.

Ifungeni ndani ya stoo au chumba cha kufulia chenye hewa ya kutosha, kwa sababu inapochota joto hutoa hewa baridi na kavu. Ielekezeni kwenye stoo ya vyakula, mtapata ubaridi bila malipo. Mabomba ya maji moto yavikwe sponji nyeusi yote, hasa kama bafu la mwisho liko mbali. Bila hivyo mgeni atamwaga lita kumi akisubiri joto. Na kama maji yenu ni ya kisima, kijiti cha magnesiamu ndani ya tangi kikaguliwe kila mwaka. Kikiisha, chumvi huanza kula tangi lenyewe.

SWALI: Niko Shela, Lamu. AC mbili, mashine za nje ziko juu ya dari upande wa bahari. Hazijafika miaka mitatu, mapezi yanatoka unga mweupe, na kila kusi fundi anaongeza gesi. Gesi huisha?

JIBU: Ndugu yetu, gesi haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua, pana tundu. Anayekuongezea kila kusi bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kuvuja. Mtake ajaze naitrojeni kwa shinikizo, apake povu la sabuni kwenye viungo na kwenye mikunjo ya koili, azibe, kisha avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu ndipo atie gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kama lebo inasema R32, kusiwe na moto wala sigara karibu, gesi hiyo hushika moto.

Ule unga mweupe ni aluminiamu inayoliwa. Mapezi ya aluminiamu yamebana mabomba ya shaba, na metali mbili zilizogusana zikipata maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa, na hapo dhaifu ni aluminiamu. Mapezi yakishaachana na bomba, joto halitoki vizuri, kompresa inahangaika, stima inapanda. Ni jambo lilelile la dada yetu wa Leeds: mashine imelazimishwa kupandisha joto juu zaidi kuliko ilivyostahili.

Zihamishe kutoka kwenye uso wa bahari, uziweke nyuma ya ukuta wa dari, pasipopigwa na kusi moja kwa moja. Usizifungie kibandani. Nyuma ziachie sentimita 30, na mbele zinakopuliza ziachie mita moja wazi, la sivyo zitavuta hewa yao wenyewe ya moto. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. La 304 halivumilii chumvi ya baharini. Ukinunua mpya, ulizia koili iliyopakwa rangi ya kinga kiwandani. Mashimo ya waya yazibwe kwa wavu mdogo na silikoni, mijusi kafiri wakiingia kwenye bodi ya umeme huipiga shoti.

Kisha kuosha: kila wiki mbili wakati wa kusi, kila mwezi nyakati nyingine. Zima breka, mwagia maji ya kawaida bila nguvu kubwa, ukianzia ndani kwenda nje kama kava inafunguka. Usitumie sabuni kali za magadi, zinakula aluminiamu. Na usitumie maji ya kisima cha mjini yenye chumvi, utakuwa unaongeza ugonjwa. Maji mazuri ya kazi hii unayo tayari: lile bomba dogo la mashine ya ndani linalodondosha maji. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hauna chumvi, na kwa hewa ya Lamu hujaza ndoo kwa siku. Weka ndoo yenye kifuniko chini yake ili mbu wasizae, uyatumie hayo kuoshea mashine ya nje.